Mkono wa bibi mdomoni mwa mwanangu

BARUA

Mshauri, assalamu alaykum.

Naandika kutoka Malindi, mtaa wa Shela. Naishi na mama yangu, bibi yangu mzaa mama, na wanangu wawili: msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka miwili. Mume wangu anafanya kazi Mombasa, huja Ijumaa akarudi Jumapili.

Wiki tatu zilizopita, baada ya alasiri, huyu mdogo alianguka barazani akachubuka goti, akaangua kilio. Dada yake alimfikia kabla yangu. Hakumbeba wala hakumpuliza goti. Alikaa nyuma yake, akamvutia kifuani, akamziba mdomo kwa kiganja, vidole vinne shavu hili, gumba shavu la pili, akawa anamnong'oneza sikioni: "Nyamaa. Nyamaa. Nyamaa." Mtoto macho yamemtoka. Nilimbandua ule mkono kwa nguvu hata nikamwachia alama. Usiku ule sikulala, kwa sababu sauti aliyoitumia ni yangu. Mimi humfanyia hivyo binti yangu akilia usiku. Sikuwahi kukusudia, mkono hutangulia. Mama alinifanyia mimi, na nasikia bibi alimfanyia mama.

Sisi ni Wabajuni. Bibi alizaliwa kijiji cha bara, kaskazini mwa Lamu, upande wa Kiunga. Ninachojua ni vipande tu. Wakati wa mashifta kijiji kilivamiwa, wakatoka usiku kwa mashua, wakajificha kwenye mikoko, wakafika Faza, kisha Lamu, mwisho Malindi. Mwaka hakuna anayeutaja. Mama alikuwa wa miaka mitatu hivi, mama mkubwa wa sita. Babu alirudi nyuma kuchukua kitu na hakuonekana tena. Bibi sasa anakaribia miaka tisini. Akili anayo, ulimi anao, lakini ukimuuliza habari za kule husema "yamekwisha hayo", akainuka kwenda kutia udhu hata kama wakati wa sala haujaingia.

Nyumba yetu ina desturi ambazo nilidhani kila nyumba inazo. Mlango wa uani hautiwi kufuli, ni komeo tu, ili mtu aweze kutoka gizani bila kutafuta ufunguo. Taa ya nje haiwashwi. Mtoto halii baada ya Maghrib. Nyuma ya mlango kuna furushi la leso: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, tende, tochi na pesa kidogo. Kila Alhamisi usiku mama hulifungua, akahesabu, akalifunga tena. Juni 2014, redio ilipotangaza habari za mauaji ya Mpeketoni, kule Lamu, mama alilala wiki nzima na viatu miguuni, na sisi tuko Malindi.

Mwaka jana nilikwenda matangani Lamu. Bi kizee mmoja wa kijiji kile aliniuliza mimi ni wa nani. Nilipomwambia, alinishika mkono akasema, "Bibi yako alipanda na watatu akashuka na wawili. Yule mdogo alinyamaa njiani." Wanawake waliokuwa karibu wakamkatiza. Sijathubutu kumuuliza yeyote "alinyamaa" maana yake nini. Sijui kama mama anajua kwamba alikuwa na ndugu mwingine.

Sasa kila mtu ana lake. Mama mkubwa anasema kuna laana kwenye ukoo na anataka tumwite mganga aje apunge pepo. Kaka yangu anataka kumrekodi bibi kwa simu kabla hajatutoka, kwa ajili ya shamba tuliloliacha kule. Mume wangu anasema tuhamie Mombasa, watoto wasahau mambo ya zamani yaliyokwisha. Na mimi nimesoma kwamba kiwewe hurithiwa kwenye damu, basi nikimtazama binti yangu naona nimekwisha kumharibu.

Je, nimuulize bibi, au nimwache aondoke na siri yake? Na huu mkono wangu nitauzuiaje?

Mama wa Wawili, Malindi


JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Kabla ya yote, huyu mdogo. Kiganja cha mtoto wa miaka saba kinatosha kufunika mdomo na pua ya mtoto wa miaka miwili kwa pamoja. Tena mtoto anayelia pua zake zimejaa kamasi, kwa hiyo mdomo ndio njia yake ya hewa. Dada yake hayajui hayo. Kwa miezi hii usimwachie amlee mdogo wake peke yake, hata ukiingia jikoni mara moja kugeuza chapati. Usimgombeze, kwani alitenda kile alichofunzwa kuwa ndiyo huruma. Mpe kazi nyingine mahali pa ile: "Ndugu yako akilia, wewe niite kwa sauti kubwa." Mfanyieni mazoezi mchana kama mchezo, mdogo ajifanye kulia, dada aite, wewe uje mbio. Rudieni siku kadhaa mpaka mdomo wake uzoee kutangulia mkono. Mama yako umwarifu mapema, maana kelele hizo ndani ya nyumba ile zitamshtua yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Barua yako ina mambo mawili yaliyosukwa pamoja kama ukili. Moja ni la bibi na kile kilichotokea kwenye mashua. La pili ni mkono wako, nalo umeliweka mwisho kabisa, sentensi moja. Naona unaamini kwamba la pili halitafunguka mpaka la kwanza lifunguliwe, yaani ukipata jibu la bibi mkono wako utatulia. Nakuomba uitazame tena imani hiyo. Wako watu waliojua kila kitu kuhusu wazee wao na mikono yao haikutulia, na wako ambao hawakupata kujua na wakawalea watoto wao kwa upole. Hadithi ya bibi ina thamani yake, nitaifikia, lakini binti yako hawezi kusubiri bibi aseme.

Tuutazame huo mkono. Vita vya shifta, yaani vya waasi waliotaka kaskazini mashariki mwa Kenya ijiunge na Somalia, vilianza mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, vikamalizwa kwa makubaliano ya Kenya na Somalia mwaka 1967. Katika miaka hiyo Wabajuni wengi wa vijiji vya bara na vya visiwa vidogo vya kaskazini waliacha mashamba, visima na makaburi ya wazee wao, wakakimbilia Pate, Lamu, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Sasa mfikirie mwanamke kijana ndani ya mikoko usiku, maji yametulia, na ana watoto wadogo mikononi. Juu ya maji sauti ya mtoto husafiri mbali. Kiganja kile kilikuwa ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo, na huenda wewe upo leo kwa sababu yake. Nakwambia haya kwa sababu umeandika kuhusu mkono huo kama uchafu unaotakiwa kuoshwa. Kwangu mimi ni mlinzi ambaye hakuna aliyemwendea kumwambia kwamba zamu yake imekwisha.

Tena nisingependa useme, kama anavyosema mumeo, kwamba haya ni mambo ya zamani yaliyokwisha. Juni 2014 watu zaidi ya sitini waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na mwaka uliofuata operesheni ya kijeshi ikaanza katika msitu wa Boni, nyuma ya vijiji vile vile alikotoka bibi. Hofu ya mama yako imekuwa ikitiwa kuni mpya. Ukimwambia "mama, hakuna hatari" atakuona huoni, na atazidisha kukulinda.

Kuhusu damu. Ni kweli kwamba wanasayansi wamekuta alama za kikemikali kwenye jeni za watu waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa kubwa ya Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, na alama hizo zilikuwepo miongo mingi baadaye. Uko pia utafiti uliotajwa sana wa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Lakini utafiti huo ulipima waathirika 32 na watoto wao wakubwa 22 tu, na hauwezi kutenganisha kilichopita kwenye damu na kilichopita kwenye malezi. Hakuna daktari anayeweza kumpima binti yako akakwambia amerithi. Njia tunayoijua vizuri zaidi ni ya kawaida sana: mtoto husoma uso wa mama, pumzi yake, na ugumu wa mkono wake. Mama yako alikuwa wa miaka mitatu, umri ambao watu wengi hawabaki na kumbukumbu ya maneno. Akikwambia hakumbuki chochote, huenda anasema kweli tupu, na wakati huo huo mwili wake unakumbuka kwamba giza, kilio na mkono vinakwenda pamoja. Akakufunza wewe bila kukusimulia neno. Na kilichoingia kwa kufunzwa kinaweza kufunzwa upya, hata mtoto akiwa na miaka saba, hata mama akiwa na thelathini na kitu.

Basi mkono. Unasema hutangulia, na mimi naamini, kwa sababu kengele ya hatari kwenye ubongo hulia kabla sehemu ya kufikiri haijapata habari. Lakini kabla ya mkono kuna vitu vingine ambavyo hujaanza kuvihesabu. Kwa wiki moja usijaribu kuuzuia kwa nguvu, uuchunguze tu. Mtoto akianza kulia usiku, ni nini kinachobadilika kwanza mwilini? Kwa wengine meno hukazana, kwa wengine tumbo hupoa, au masikio huanza kusikiliza nje badala ya kumsikiliza mtoto. Ukishaijua dalili yako ya kwanza, umepata sekunde mbili au tatu, nazo zinatosha. Dalili ikija, kaa chini sakafuni, uwe chini kuliko kichwa cha mtoto ikiwezekana. Ukiwa umesimama juu yake gizani mwili wako uko tayari kwa kukimbia. Viganja viweke juu ya mapaja yako mwenyewe, uvikandamize. Vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe polepole kwa kuhesabu sita, mara tano au sita. Ni kama dakika moja. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mbio za moyo. Wengi hukosea hapa kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa na za haraka, wakaishia na kizunguzungu na hofu zaidi. Kisha sema kwa sauti ya kusikika, usinong'one: "Niko hapa. Lia, nakusikia." Ule mnong'ono wako ndio sauti ya mashua. Washa taa pia, kama mama atakubali, walau ya chumbani.

Siku nyingine utashindwa. Nakwambia mapema ili usije ukasema jitihada zote ni bure. Ukishindwa, siku ile ile, mtoto akiwa ameshiba na ametulia, mwendee umwambie: "Usiku nilikuziba mdomo. Nilikosea. Wewe hukufanya kosa, kulia si kosa." Ukomee hapo. Usimwongezee "lakini na wewe ulikuwa unapiga kelele", na usimlilie yeye mpaka ikawa ndiye anayekubembeleza. Akiuliza kwa nini, mtoto wa umri wake anaweza kubeba maneno machache: zamani bibi mkubwa alikimbia vita usiku kwa mashua, ilibidi watoto wanyamaze ili wasionekane, na sisi tulibaki na mazoea hayo, sasa tunayaacha. Habari ya mtoto wa tatu usimpe. Ukiona anaanza kukojoa kitandani, kuogopa shule au kuacha kula, au ukijiona mkono unakaribia kumwumiza, piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Wanapokea na wazazi wanaotaka ushauri.

Sasa bibi.

Umeliuliza kama milango miwili: nimuulize au nimwache. Mimi naona uko uwanja mpana katikati. Kumuuliza moja kwa moja, "mtoto wa tatu alikufaje", kuna hatari ambayo nadhani wewe mwenyewe umeihisi, ndiyo maana hujathubutu. "Alinyamaa" linaweza kuwa homa, linaweza kuwa baridi na njaa ya siku mbili baharini, linaweza kuwa maji. Linaweza pia kuwa lile unaloliogopa na ambalo hukuliandika. Ukiuliza, utamlazimisha mwanamke wa karibu miaka tisini achague kati ya kukudanganya na kulisema neno ambalo ameliepuka zaidi ya miaka hamsini, tena mbele ya mjukuu ambaye heshima yake ndiyo mali aliyobaki nayo. Kumwacha kabisa nako kuna bei. Ataondoka akidhani hakuna aliyetaka kujua, na wewe utabaki na sentensi ya bi kizee wa matangani ikikuzunguka kichwani. Uzito wa bei hizi mbili unauona wewe uliye naye nyumba moja kuliko mimi.

Unaweza kuanza mbali na mashua. Muulize habari za kabla. Kisima chao kilikuwa wapi na maji yake yalikuwa na ladha gani, walilima nini, mama yake alimpikia nini Idi, harusi yake iliimbwa nyimbo gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush, waliandika maswali ishirini ya namna hii kuhusu ukoo wakawauliza watoto. Waliokuwa wanajua zaidi historia ya kwao walielekea kuwa na utulivu na kujithamini zaidi. Hiyo haithibitishi kwamba hadithi ndiyo iliyowatuliza, huenda ni nyumba zenye mazungumzo ndizo zenye utulivu. Hata hivyo mimi naupenda mwanzo huu kwa sababu nyingine: nyumbani kwenu kijiji kile kimebaki usiku mmoja tu. Kilikuwa na miaka mingi ya mchana, na bibi ndiye aliyebaki nayo.

Chagua asubuhi, baada ya chai, mkiwa na kazi ya mikono, kama kuchambua mchele au kusuka ukili. Macho yakiwa kwenye kazi, ulimi huwa mwepesi. Usiku usiguse habari hizi kabisa, wala karibu na Maghrib, wala akiwa amefunga. Nusu saa inatosha, dakika arubaini na tano ni nyingi. Akiinuka kwenda kutia udhu, mwachie aende, ndivyo anavyofunga mlango kwa adabu, na ukimfuata na swali hatakaa nawe kesho. Ziangalie dalili: macho yakikaza mahali pasipo na kitu, mikono ikitetemeka, jasho la baridi, au akianza kusema kana kwamba linatokea sasa hivi, "wanakuja", badala ya "walikuja". Hapo acha maswali yote. Mwite kwa jina analopenda, mwambie mko wapi: "Bibi, tuko Malindi, leo ni Jumanne, mimi mjukuu wako, watoto wako nje wanacheza." Mpe maji ayashike mwenyewe mkononi. Ukitaka kumshika, muombe ruhusa kwanza. Baada ya mazungumzo ya namna hiyo usiku mmoja au miwili ya usingizi mbaya ni kawaida, kwa hiyo lala naye chumba kimoja. Zikipita wiki mbili halali, hali, au anaongea na wasiokuwepo, mpeleke hospitali kubwa ya karibu uulizie kliniki ya afya ya akili, na umweleze daktari habari ya kukimbia vita, maana kwa umri wake wanaweza kudhani ni usahaulifu wa uzee tu.

Kuna mtu mmoja ambaye umempita haraka. Mama yako mkubwa alikuwa wa miaka sita kwenye mashua. Ukimtoa bibi, katika walioshuka ni yeye peke yake aliyekuwa na umri wa kukumbuka, na ni yeye anayesema laana. Huenda "laana" ndilo neno pekee alilopata la kutajia alichokiona akiwa mtoto. Sikushauri umhoji. Ila atakapolitaja tena, badala ya kubishana naye kuhusu mganga, muulize, "Mama mkubwa, ilianza lini?" kisha nyamaza umpe nafasi. Kuhusu huko kupunga kwenyewe, sina haja ya kukudharaulia dawa za watu wa pwani. Kisomo, kombe, zinguo na watu wa nyumbani kukaa pamoja usiku kucha kwa ajili ya mgonjwa, haya yamewatuliza wengi. Jihadhari na mambo matatu: mganga anayemtaja jamaa fulani kuwa ndiye mwenye kosa, anayetaka mtoto afukizwe au anywe kitu usichokijua, na anayekataza hospitali. Na fikiria kwanza, ngoma na moshi usiku, watu wakipiga kelele ndani ya nyumba ile: mama yako atakuwa wapi?

Kaka yako nataka umwambie kwamba ushahidi wa shamba na kidonda cha bibi havirekodiwi siku moja. Wakili atataka mipaka, majirani, miaka, mazao, nani alizikwa wapi. Hayo bibi anaweza kuyasema bila kufika usiku ule. Simu isiwashwe kwa siri, na video isizunguke kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo. Ikishatoka, hairudi. Akitaka maandishi, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais Mei 2013, inazungumzia vita vya shifta, na inaweza kumsaidia yeye na mama yako kuona kwamba yaliyowapata yameandikwa na taifa, si aibu ya nyumba moja.

Mumeo namwelewa, anataka kuwatoa watoto motoni. Kuhama kunaweza kukupa pumzi. Lakini mkono wako utapanda basi pamoja nawe, na bibi na mama watabaki na nyumba iliyonyamaa zaidi. Pengine mngeanza kwa likizo moja ya shule mkaona inakuwaje.

Wewe mwenyewe, na mama yako kama atakubali, mnastahili mtu aliyesomea kazi hii. Iko njia moja iliyojaribiwa na wakimbizi wa vita hapa jirani Uganda miaka ya 2000, na baadhi ya waliofunzwa kuiendesha walikuwa wakimbizi wenyewe. Mtu hulaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake huweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila jambo zito, akilitaja kwa jina tu. Kwa kwetu ingekuwa kamba ya usumba, asmini na vijiwe vya pwani. Sehemu ya mwisho ya kamba huachwa imekunjwa, ni siku zijazo. Vikao vinavyofuata, saa moja na nusu hivi kila kimoja, hupitia kamba kwa mpangilio, na kila jiwe husimuliwa polepole mpaka mwisho, nini kilionekana, kilinukia vipi, mwili ulihisi nini, na sasa unahisi nini. Kosa kubwa ni kufungua jiwe na kuliacha katikati kwa sababu muda umekwisha au msikilizaji ameogopa. Hapo mtu hurudi nyumbani na hofu iliyo wazi. Ndiyo maana mawe yasifunguliwe sebuleni na mjukuu mwenye nia njema. Kulaza kamba na kutaja majina peke yake mnaweza, na hata kikao kimoja cha hivyo kimewafanya watu waone kwamba maua yao ni mengi kuliko walivyodhani. Ukitafuta mshauri nasaha, muulize kama ameshughulika na kiwewe cha vita na kama anaweza kufanya kazi kwa Kiswahili chenu. Ukiwa huna pa kuanzia, 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni bure.

Nimeacha la mtoto wa tatu mpaka hapa kwa makusudi. Huhitaji kujua alivyokufa ili kumwombea. Siku moja, bila wageni, unaweza kumwambia bibi: "Tungependa kusoma khitma ya nyumbani kwa wote waliotutangulia njia ile, babu na wengine." Usiseme zaidi. Akitaka kuongeza jina ataliongeza, na kama jina hilo hamjawahi kulisikia, msimuulize kitu, liingizeni kwenye dua pamoja na mengine. Kwa mama yako linaweza kuwa pigo, kwa hiyo ukae upande wake. Akikataa khitma, msiisome nyuma ya mgongo wake. Waumini wengi hupata faraja kwa mafundisho kwamba mtoto aliyefariki mdogo humwombea mzazi wake. Bibi huenda ameyasikia maisha yake yote bila mtu kumwonyesha kwamba yanamhusu na yeye.

Furushi liache lilipo. Nyaraka za nyumba zikiwa pamoja mahali pamoja ni jambo la busara kwa mtu yeyote, na kulifungua kwa nguvu ni kumvua mama yako usingizi wake wa wiki nzima. Alhamisi ijayo akilifungua, kaa naye umsaidie kuhesabu, hesabuni kwa sauti, na umuombe atie humo picha ya binti yako akicheka mdomo wazi. Kisha niandikie alivyokujibu.